Kikao cha Kukitafutia Jina Kitu cha Baba

Kitinda hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Jambo likimuudhi alisonya, likimuudhi sana alisema "Ala!", na hasira yake ikaishia hapo. Kwa hiyo mjue mambo yalikuwa yamemfika shingoni asubuhi ile aliposimama katikati ya chumba cha baba yake, beseni la maji ya moto mikononi, taulo begani, akafoka mpaka jirani akapunguza redio ili asikie vizuri.

"Baba! Basi niambie mwenyewe, hicho kitu nikiiteje?"

Baba akavuta shuka mpaka kifuani kwa mkono wake wa kushoto, ule uliobakiwa na nguvu, akabana magoti, akageuzia uso ukutani. Ng'o. Maji yakapoa, kama yalivyopoa jana na juzi.

Msicheke kwanza. Ngojeni mjue dada wa watu alikuwa katoka wapi.

Yeye ndiye mtoto wa mwisho, kitindamimba, na jina hilo wakalikata wakabaki na nusu yake. Kazi yake kushona sare za shule, kwa cherehani aliyoiweka barazani, na hicho ndicho kilichomponza. Baba yao, fundi mwashi aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa ule, aliangushwa na kiharusi. Hospitali wakamrudisha nyumbani upande wa kulia umelala, ulimi mzito, na mpira wa mkojo umeingizwa kule unakoingizwa. Ndugu wakatazamana. Kaka yao, muuza vipuri vya magari, akasema yeye mgongo unamsumbua. Dada yao mkubwa, mwalimu wa chekechea, akasema, "Si wewe uko nyumbani, mdogo wangu?"

Uko nyumbani! Kana kwamba zile kola zinajigeuza zenyewe na vifungo vinajipachika. Lakini Kitinda akameza, maana baba ni baba.

Muuguzi wa zahanati ya mtaani, mama mmoja mnene mwenye haraka zake, alimweleza kazi yenyewe. Pale mpira unapoingilia paoshwe kila siku, maji na sabuni, taratibu, bila kuvuta. "Msipoosha, uchafu utapanda na mpira mpaka kwenye kibofu. Mzee wa umri huu akipata homa ya namna hiyo, si homa ya kunywea chai."

Haya. Mtoto wa kike kumuosha baba yake! Siku ya kwanza Kitinda alitamani ardhi ipasuke. Alifumba macho yote mawili, akamwomba Mungu, akafumbua moja, akafanya kazi. Siku ya pili akafumbua yote mawili. Aibu alikuwa ameshaimeza, na ingekaa tumboni huko bila kumsumbua mtu, kama ndugu zake wasingeleta midomo yao.

Aliyeanza ni dada mtu. Alikuja na sauti yake ileile ya darasani, ile ya kuwaimbia watoto wanawe mikono, akafungua pazia kwa vishindo. "Haya babaaa! Kidudu kimeamkaje leo? Tukioshe, eeh? Kidudu kinapenda maji!"

Baba akamtazama. Huyu ni mtu ambaye zamani akikohoa tu, mafundi walishuka jukwaani kuuliza wamekosea wapi. Alimtazama binti yake mkubwa kutoka utosini mpaka kwenye viatu, kisha mkono wa kushoto ukaikamata shuka. Siku hiyo hakuoshwa.

Kesho yake kaka akapiga simu, Kitinda akaiweka spika ili mzee asikie sauti ya mwanawe wa kiume, labda atapata moyo. "Mzee! Mashine inasemaje? Acha mashine ipigwe sabuni bwana, hata injini huoshwa!"

"Kata hiyo simu," baba akasema. Ilimchukua muda, maana maneno yalimtoka mojamoja na kwa upande mmoja wa mdomo, lakini yalitoka.

Muuguzi alipopita, Kitinda akamshtakia. Muuguzi akacheka. "Tatizo lenu mnaona haya. Semeni uume. Ndivyo unavyoitwa, hakuna aibu hapo." Sawa. Kitinda akajifunga kibwebwe, akaingia na beseni, akasema kama mtu anayesoma tangazo, "Baba, naomba niuoshe uume wako."

"Mimi si somo la shule," baba akajibu, na magoti yakabanwa.

Akajaribu sehemu za siri. Baba akauliza ni siri gani hiyo ambayo hospitali nzima imeshaiona. Akajaribu neno lake mwenyewe, lile alilolipenda kuliko yote kwa sababu halisemi chochote: akasema, "Baba, nioshe pale."

"Pale wapi?"

"Pale pako."

"Hapana."

Mtu mzima hatishiwi nyau, na mzee yule hakuwa wa kubembelezwa wala wa kulazimishwa. Mkono mmoja ule ulikuwa umebeba tofali maisha yake yote. Ukiishika shuka, shuka imeshikwa. Kwa hiyo Kitinda akakata shauri kwamba baba anachagua maneno. Ana neno lake analolitaka, halisemi, anataka watu walibahatishe. Ukaidi wa uzee huo! Sare za watu zimelala barazani hazina mikono, mama wa watoto wanapiga hodi kuulizia, naye yuko chumbani anabahatisha majina kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Ndipo ikafika hiyo asubuhi ya kufoka. Na baada ya kufoka, alipoinama kuokota taulo lililomdondoka, mkono wake ukagusa mguu wa baba. Mguu ulikuwa wa moto. Akamshika paji la uso. Moto. Akautazama mfuko wa mkojo uliotundikwa ubavuni mwa kitanda, mkojo una ukungu. Hasira yote ikamtoka, ikaingia hofu.

Muuguzi alikuja mbio, akapima, akaacha vidonge, na safari hii hakucheka. "Aoshwe leo. Nasema leo. Vidonge peke yake havitafua dafu kama pale ni pachafu. Nikirudi kesho nikamkuta hivi, naita gari la wagonjwa, mtake msitake."

Baba alisikia, akafumba macho. Wote nyumbani walijua alivyosema siku aliyotolewa wodini, akiwa amebebwa mlangoni: kule sirudi, mkinirudisha mtakuja kunichukua nimefunikwa. Na mzee yule hakuwahi kusema neno la kujaza hewa. Kitinda akatoka barazani, akawapigia simu ndugu zake wawili, mmoja baada ya mwingine, na wote akawaambia maneno yaleyale: "Njooni leo. Msipokuja leo nitawaita tena, na safari hiyo mtakuja na sanda."

Walikuja. Kaka aliingia na oili kwenye kucha, akafunua pazia la chumba, akapaza sauti, "Mzee, mashine vipi?" akaliachia pazia kabla hajajibiwa, akaketi. Dada naye akapitisha kichwa palepale. "Kidudu kimeamkaje? Bado kinanuna?" Akaja kwenye kiti cha katikati. Muuguzi alipita akitoka kazini, akachungulia mfuko wa mkojo, akauliza umejaa mara ngapi, akaketi na yeye, maana kikao kinahitaji mtaalamu. Kati ya sebule na kitanda cha baba palikuwa na pazia tu, la kitambaa chepesi. Kitinda ndiye aliyelishona, alijua unene wake.

Mwalimu akiona watu wameketi lazima asimame mbele, kwa hiyo dada akawa mwenyekiti bila kuchaguliwa. "Ndugu zangu, tuna ajenda moja tu."

"Itaje," kaka akasema.

Dada akakohoa. "Ajenda ni... kidudu cha baba."

"Ndiyo maana mzee kagoma!" Kaka akapiga goti lake. "Mwanaume mzima, ana wajukuu, unamwambia kidudu! Mimi ukiniambia kidudu nahama nyumba."

"Na wewe na mashine yako? Baba ni gereji?"

"Mashine ina heshima. Mashine ni kitu cha kazi."

"Kazi gani, na kimewekwa mpira!"

Hapo hata dada mwenyewe aliona amezidisha. Akalainisha sauti, akaeleza kwamba yeye amelea watoto wa watu miaka nenda miaka rudi, na neno kidudu halijawahi kumdhuru mtoto hata mmoja. Ni neno safi, halina ukali, hata mbele ya mchungaji au shehe unalisema. Muuguzi akatikisa kichwa. Neno ni uume, akasema, hayo mengine ni kuficha ugonjwa.

Kaka akamgeukia. "Dada muuguzi, samahani. Nyumbani kwako mnasema uume?"

Muuguzi akatazama viatu vyake. "Mwanangu tulimfundisha aseme pilipili."

"Na baba yake?"

"Hayo hayahusu kikao."

Kaka sasa alikuwa amechangamka. Akaanza kumwaga maneno ya dukani kwake: jogoo, rungu, mhogo, mtalimbo, na mengine ambayo mimi sitayasema maana sijui nani anasikiliza. Kila neno alilitetea. Jogoo ni zuri lakini likizeeka linachekesha. Rungu lina ugomvi ndani yake. Mhogo hapana, mhogo unamenywa. Yeye binafsi, moyo wake uko kwenye mashine, ila akibanwa sana anaweza kukubali mtalimbo.

"Mtalimbo! Kwa baba!" Dada akaziba masikio. "Jamani, tuheshimiane! Hata wahenga walisema, aibu ya maiti aijuaye mwosha..."

"Maiti?" Kitinda akaruka kitini. "Maiti nani? Baba yuko hapo nyuma ya pazia, anasikia!"

Nyuma ya pazia mtu akakohoa. Kikao kikaendelea kwa kunong'ona. Kunong'ona kwenyewe ndiko kulikokuwa kubaya zaidi, maana kulipenya kote.

Kitinda aliwatazama. Alitaka kucheka, akataka kulia, akataka kuchukua pasi ya mkaa ya kunyooshea sare na kumrushia mtu, hakujua amrushie nani kwanza. Baba yao anaungua na homa hatua chache kutoka walipo, na hawa wamekaa wanachambua mhogo. "Hivi nyie," akasema. "Tukishapata hilo jina, nani kati yenu ataingia na beseni?"

Kaka akajikuna mgongo. Dada akasema, "Tumalize jina kwanza, mdogo wangu, kila jambo na wakati wake."

Wakapiga kura. Kidudu kura moja, mashine moja, uume moja. Kitinda hakunyoosha mkono, alikuwa ameshika nao paji lake mwenyewe. Dada, kwa uzoefu wake wa kugawa andazi moja kwa watoto wengi, akapendekeza wakutane katikati: waseme bwana mdogo. Kaka akakataa katakata. Mdogo? Kwa mzee mwenye mvi? Angalau bwana mkubwa. Wakasukumana, muuguzi akatazama saa, akasema hata bwana mkubwa si mbaya, mradi aoshwe. Imepita. Dada akapiga makofi mawili ya darasani. Kitinda akaenda jikoni, akapasha maji mengine.

Aliingia na beseni, akalirudisha pazia kwa mgongo. Baba alikuwa macho. Midomo imemkauka, macho mekundu, na mkono wa kushoto umeshika shuka tayari.

"Baba, wamekaa, wameamua..." Alijiona mjinga kuliko siku zote za maisha yake. "Wamesema tuseme bwana mkubwa."

Upande mmoja wa mdomo wa baba ukacheza. "Nimesikia. Mmepiga kura."

"Ndiyo, baba."

"Kilichowaleta duniani. Mnakipigia kura."

Kitinda akaliweka beseni chini. Akaketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu baba augue, maana siku zote alikuwa mtu wa kuingia na kutoka. Maneno yakamtoka yenyewe. "Baba, nimechoka. Nimechoka mpaka sijui niseme nini. Una homa. Kesho watakuja kukuchukua, utarudi kulekule ulikokataa, na mimi naogopa hutatoka. Naogopa, baba. Utakufa kwa sababu ya jina? Basi chagua wewe. Hata liwe tusi, nitalitamka, nitalitamka mbele ya watu. Sema tu."

Baba akafumba macho. Kitinda alidhani amelala.

"Jina kinalo," akasema hatimaye. "Mama yenu alikipa. Kaondoka nalo. Sitaki kulisikia kwa mtu mwingine."

"Sawa, baba. Sasa sisi..."

"Ngoja. Sijamaliza." Akameza mate kwa shida. Kitinda alitaka kummalizia sentensi, kama walivyozoea wote, akajizuia. "Tangu mnirudishe hapa. Kila anayefungua hilo pazia anakiulizia. Kimeamkaje. Kinasemaje. Kimetoa kiasi gani. Kinabembelezwa, kinaitwa majina." Mkono wake ukaikaza shuka. "Mimi nipo hapa. Mimi ni baba yako. Nani kaniamkia?"

Kitinda akalitazama pazia. Akajaribu kukumbuka. Asubuhi ya leo aliingia na beseni. Jana aliingia na beseni. Aliuangalia mfuko, akaangalia mpira, akaangalia shuka kama imelowa. Akamkumbuka dada na kaka, pazia linafunguka, pazia linafungwa. Hata muuguzi. Siku zote hizo, mtu aliyewafundisha kuamkia wakubwa kwa kuwazuia mlangoni mpaka waseme alikuwa amelala pale, akiwasubiri. Kitinda aliona haya, na haya hii ilikuwa nzito kuliko ile ya siku ya kwanza.

Akashuka kitandani, akapiga magoti sakafuni ili nyuso zao zilingane.

"Shikamoo, baba."

Mzee hakuharakisha. Alimtazama, akahakikisha kwamba ni yeye anayetazamwa.

"Marahaba. Hujambo, mama?"

"Sijambo, baba. Umeamkaje?"

"Vibaya," baba akasema. "Nimeamka vibaya sana, mwanangu. Naumwa." Na machozi yakamtoka kwenye jicho la upande mzima, akaiachia shuka.

Kitinda akachovya kitambaa, akakamua. Hakutaja kitu. Sebuleni viti viligongana, halafu ikasikika ile sauti ya darasani: "Vipi huko, mdogo wangu? Bwana mkubwa kakubali?"

Mkono wa baba ukaanza kurudi kwenye shuka. Kitinda akaushika kabla haujafika.

"Dada, kaka," akaita, bila kupandisha sauti, "njooni mumwamkie baba."